Kidole cha Pili

Ngozi ya mbuzi iliyolainika sawasawa hubonyea na kubaki imebonyea. Ukiitoa kwenye pipa, ukaitandaza juu ya gogo na kuikandamiza kwa kidole gumba pale shingoni, palipo panene, alama ya kidole chako hukaa kama unyayo kwenye udongo mbichi. Ikiwa bado, ngozi hujirudi na alama hupotea. Ikiwa imepita kiasi, alama hukaa, lakini ngozi yenyewe huwa imelegea kama leso iliyoloa, na haifai tena kwa kiatu cha mtu mwenye heshima zake. Kati ya bado na kupita kiasi pana nafasi ndogo sana. Mtu ninayemzungumzia hapa aliishi maisha yake yote ya kazi ndani ya nafasi hiyo.

Kiwandani walimwita Gumba, kwa ajili ya kidole hicho. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono imechujuka kwa chokaa, na maneno yake yalikuwa machache. Alishika pipa la kulainishia: pipa la mbao, refu kuliko mtu, linalozunguka polepole likigugumia kama mtu anayesukutua koo. Ngozi zilimfikia zikiwa zimekwisha kuondolewa manyoya kwa chokaa, zimevimba na kukakamaa. Yeye alizitia kwenye maji ya uvuguvugu pamoja na unga wa rangi ya mchanga, wenye harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu, na unga huo ndio uliozilegeza. Kutoka kwake zilikwenda kwenye chumvi na asidi, kisha kwenye rangi, na mwisho zikawa bitana za viatu.

Baba yake, aliyelishika pipa hilo kabla yake, aliacha sharti moja. Ngozi haipitishwi kwa kidole kimoja. Wabonyeze watu wawili, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aseme kwa sauti alichokiona. Alama ikibaki, aseme "Imeshika." Isipobaki, aseme "Bado." Zikisikika "Imeshika" mbili, ndipo maji ya pipa yanafunguliwa yatoke. Mzee alikuwa na sababu zake. Kidole cha mtu mmoja, alisema, hudanganya. Kikiwa na baridi huona kila ngozi ni ngumu, kikichoka huona kila ngozi iko tayari, na mwenye kidole akiwa na hasira ndiyo usimuulize kabisa. Kidole kimoja hakivunji chawa, aliwaambia wanawe, sembuse kupima ngozi ya mbuzi.

Wanawe walikuwa wawili, Gumba na mdogo wake, aliyeitwa Gumba Mdogo ingawa alikuwa na tumbo kubwa kuliko la kaka yake. Mdogo huyu alikuwa mcheshi. Alizisemesha ngozi, akaziuliza habari za malishoni, akazipa pole. Yeye ndiye aliyebonyeza kwanza, na kaka alibonyeza baadaye. "Imeshika, kaka." "Imeshika." Kwa miaka mingi watu wa karakana ile walizisikia sauti hizo mbili kila siku bila kuzisikiliza, kama mtu asivyosikiliza saa ya ukutani mpaka isimame.

Ikasimama. Siku hiyo ngozi ziligoma kulainika. Mdogo alibonyeza akasema, "Bado." Kaka alibonyeza akasema, "Imeshika."

"Kaka, tazama vizuri. Imejirudi."

"Wewe ndiye huoni."

Wakaziacha zizunguke tena. Wakabonyeza tena, na yakatoka maneno yaleyale: bado, imeshika. Watu wakaanza kuacha kazi zao na kusogea. Kaka alikuwa amechoka, na aliyechoka, kama mzee alivyosema, huona kila kitu kiko tayari. Lakini uchovu si udhuru. Alitamka mbele ya watu wote neno ambalo hata faraghani halikustahili kutamkwa.

"Kidole chako kimekufa," alimwambia mdogo wake. "Mwenye kidole kilichokufa akatafute kazi ya kubeba."

Gumba Mdogo aliosha mikono, akavua aproni yake, akaitundika kwenye msumari wake, akatoka. Kaka akafungua maji kwa "Imeshika" moja. Ngozi zile zilitoka kwenye rangi ngumu kama maboksi, na hakuna asiyejua nani alikuwa amesema kweli. Mdogo alikaa nyumbani akingoja kuitwa. Angeitwa kwa neno moja angekuja mbio. Hakuitwa. Mwishowe akapata kazi kwenye kiwanda kingine cha ngozi, mji wa mbali, akahama na mke na watoto.

Kuna watu ambao kiburi chao hupiga kelele, na hao afadhali, maana unawasikia wakija. Kiburi cha Gumba kilikuwa kimya. Hakumsema mdogo wake vibaya tena hata siku moja, wala hakumtafuta. Alichofanya ni kumtunzia nafasi. Aproni ilibaki kwenye msumari, na ole wake aliyeigusa. Kila mtu aliyeletwa kuwa kidole cha pili alipata sababu ya kumwondoa. Huyu ana kucha ndefu, yule ana haraka, yule mwingine mikono yake ina jasho. Mwisho msimamizi wa karakana, bwana mmoja mnene aliyekaa chumba cha juu kwa kuogopa ngazi, akampa mama mmoja wa upande wa kusuuza. Huyo walimwita Mama Suuza. Gumba hakumfukuza. Alimwambia tu, "Endelea na kusuuza kwako, mama. Nikikuhitaji nitakuita." Na hakumwita.

Alibonyeza kwa kidole cha kulia, akasema, "Imeshika." Kisha akabonyeza kwa kidole cha kushoto, akasema tena, "Imeshika," kwa sauti nyembamba kidogo. Msimamizi huko juu alisikia mbili, akaridhika. Karakana nzima ilijua. Mgeni akiuliza kidole cha pili kiko wapi, Gumba alijibu bila kuinua macho, "Ametoka kidogo."

Jibu hilo likawa msemo wa kiwanda. Mtu akichelewa kazini, ametoka kidogo. Fundi wa boila alipostaafu, wakasema ametoka kidogo. Gumba aliwaacha wacheke. Lakini wakati wa kufunga kazi alionekana akiipangusa vumbi ile aproni kwa kiganja, kama mtu anayempangusa mtoto usoni.

Tusimhurumie haraka. Uongo wa mtu mwenye huzuni ni uongo vilevile, na ngozi haijui huzuni. Alikuwa analipenda lile pengo kuliko alivyopenda kulijaza, maana kulijaza kulihitaji kusema "nilikosea," na kulitunza hakukuhitaji kusema lolote.

Ndipo akaja mkemia. Alikuwa msichana mpole aliyetoka chuoni, mwenye miwani na viatu vya mvua vilivyomzidi, na alipewa kachumba nyuma ya ghala kuwa maabara. Siku za mwanzo alizunguka akiuliza maswali na kuwasikiliza watu mpaka mwisho wa sentensi, jambo ambalo si wasomi wote wanaliweza. Alifika kwenye pipa la Gumba akaziona alama mbili juu ya ngozi, moja imeinamia kulia, nyingine kushoto.

"Mzee wangu, mwenzako yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

Mama Suuza alikuwa akipita na toroli. "Huyo aliyetoka kidogo, dada," alisema, "huko alikotoka ameshaota mvi."

"Mama, una ngozi zinakungoja," Gumba alimwambia.

"Zinaningoja, ndiyo. Zinajua nitarudi."

Mkemia hakucheka. Aliuliza habari ya unga: unatiwa lini, maji yakiwaje. Gumba alimweleza, naye akauliza, "Unajua ndani ya huo unga kuna nini?"

"Dawa."

"Kuna vimeng'enya. Vinatoka kwenye kongosho za wanyama. Hata wewe unavyo tumboni, ndivyo vinavyokusagia chakula. Nikuonyeshe?"

Akaenda naye maabara wakati wa chai. Kwanza alichukua uzi mrefu, akaufumbata na kuufinyanga mpaka ukawa donge lenye kishimo katikati. Kimeng'enya kimoja, alimwambia, ni uzi wa namna hii uliojikunja wenyewe, mdogo hata darubini yao haiuoni. Ni mashine, ila ni mashine laini.

"Mashine laini," Gumba alisema. "Hiyo ni lugha ya fundi anayetaka kukuuzia kitu kibovu."

"Kweli hakina chuma. Kinatetemeka muda wote, kama kinapumua. Hakina macho wala masikio, lakini kinahisi. Kinahisi joto. Kinahisi kama maji ni makali au mapole. Na kinahisi kilicho mbele yake kwa kukigusa. Chukua hili yai."

Gumba alilichukua. Kiganja chake kilijikunja kulifuata.

"Umeona? Mkono haukuwa na umbo la yai mpaka yai lilipofika. Na chenyewe ni hivyo. Kinapoguswa na kitu chake, kinajifinyanga kukipokea, kinakata kinapopaswa kukata, kinaachia, kinarudi kama kilivyokuwa, kinangoja kingine. Kitu kisicho chake kikija, hakifungi."

"Kinajuaje?"

"Kwa kugusa tu. Kama wewe na ngozi."

Gumba aliliweka yai mezani polepole sana.

"Na vipo vingine," mkemia aliendelea, "si hiki chetu, lakini vipo, ambavyo haviji peke yake. Vimeshikana viwiliviwili. Kimoja kikigusa kitu upande wake, cha pili kinabadilika umbo, kinajiweka tayari, ingawa chenyewe hakijaguswa. Ukivitenganisha, vingine hukaa tu. Haviwezi kazi."

"Vinakufa?"

"Hapana. Vinakuwepo. Ila haviwezi kazi."

Kisha akachukua vikombe vitatu vya kioo, akatia ndani yake maziwa ya unga yaliyozimuliwa. Cha kwanza alikitia ule unga wa kulainishia akakiweka kwenye maji ya uvuguvugu. Cha pili alikitia unga akakizungushia barafu. Kwa cha tatu, aliuchemsha kwanza unga ndani ya maji kidogo, akauacha upoe, ndipo akautia. Wakakaa. Mkemia alikunywa chai yake. Kikombe cha kwanza kilianza kupauka, kikawa kama maji ya mchele, kikawa angavu, mpaka Gumba akaona vidole vyake ng'ambo ya kioo. Vingine viwili vilibaki vyeupe.

"Hivi vimekufa vyote," Gumba alisema.

"Ngoja." Akakitoa cha pili kwenye barafu, akakitia kwenye maji ya uvuguvugu. Na hicho nacho, polepole, kikaanza kuangaza.

Gumba alisogeza kiti. Aliinamisha uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Kilikuwa kimelala," alisema.

"Baridi hukilaza tu. Lakini moto hukifumua. Ule uzi unalegea, unajisokota ovyo na wenzake, na ukishapoa haujui tena ulivyokuwa. Kama yai. Yai likishachemka halirudi kuwa bichi."

Gumba alikitazama kikombe cha tatu muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Je, kama zamani ilitokea siku moja ngozi zikazunguka na kuzunguka, halafu zikagoma kabisa?"

"Zamani hizo boila ilikuwa inatoa maji ya namna gani?"

"Ilikuwa imetoka matengenezo. Maji yalikuwa yanaunguza, ilibidi uchanganye na ya baridi kwanza."

"Basi kama unga ulitiwa kabla maji hayajachanganywa vizuri, ulikufa palepale. Mngengoja mpaka kesho, ngozi zingekuwa bado. Nani alipima maji siku hiyo?"

"Mdogo wangu," Gumba alijibu upesi.

Kisha akakitazama kifundo cha mkono wake. Maji hupimwa kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maji ya mtoto. Kwa ngozi mzee aliweka sharti la watu wawili, lakini kwa maji hakuweka sharti lolote. Yeyote angeweza kupima. Na Gumba alikumbuka vizuri kwamba asubuhi ile yeye hakuloweka mkono, kwa sababu alimwona mdogo wake amesimama karibu na bomba, akajua amekwisha pima. Alikumbuka pia kwamba mdogo wake alimwona yeye akiwa na ndoo ya unga mkononi, akasogea pembeni kumpisha, kama mtu anayejua kaka amekwisha pima.

"Mlikuwa mnangojea maiti ifanye kazi," mkemia alisema, bila kujua anasema nini.

Gumba alirudi kazini. Kesho yake alipita maabara kabla ya kuvaa aproni. Kikombe cha tatu kilikuwa mezani, kimeanza kuchacha, na bado kilikuwa cheupe.

Tangu hapo akawa na swali moja, nalo halikumwacha hata wakati wa kula. Neno lile alilolisema mbele ya watu, lilikuwa baridi au lilikuwa moto? Kama lilikuwa baridi, basi undugu umelala tu na unangoja uvuguvugu. Kama lilikuwa moto, hata akimwaga bahari ya maji ya uvuguvugu, ndiyo basi. Njia ya kujua ilikuwa moja, kuuliza. Na aliogopa jibu, maana mtu asiyeuliza hubaki na vikombe viwili mkononi, lakini aliyeuliza hubaki na kimoja.

Huenda angeendelea kuogopa hadi uzeeni. Lakini zikarudi bitana kutoka kwa mtengeneza viatu, zimelegea na kuchubuka. Zilikuwa zimepita kiasi. Msimamizi alishuka ngazi, tukio lenyewe la kushangaza, akasimama mbele ya pipa akihema.

"Gumba, hizi zilipita vidole viwili?"

Mama Suuza alikuwa karibu. Alifuta mikono kwenye sketi akamtazama Gumba. Na ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Mama angenyamaza, karakana ingenyamaza.

"Zilipita vidole viwili," Gumba alisema. "Vyote vyangu."

"Vyako vipi?"

"Cha kulia na cha kushoto. Tangu mdogo wangu aondoke. Huyu mama hana kosa. Mimi ndiye niliyemzuia."

Msimamizi alimgeukia Mama Suuza. "Na wewe ulikubali?"

"Bosi, nilikuwa kidole hewa," alijibu. "Hata hivyo nimechoka. Hewa nayo huchoka."

Msimamizi alikaa juu ya gogo, akajifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ngozi zilizoharibika zitalipwa na aliyeziharibu, na hilo Gumba alilikubali kwa kichwa. Kisha akasema, "Nafasi hii sitaiacha wazi tena. Wiki ijayo nataka mtu wa kudumu hapa, mwenye kidole chake mwenyewe. Kama mdogo wako anaitaka, mwite. Yeye ana haki ya kwanza. Asipokuja, nampa mwingine, na ile aproni inatoka msumarini."

Nyumbani Gumba hakugusa chakula. Mkewe, mama wa watoto wake, alikuwa akikunja nguo kitandani, akamwacha azunguke chumba mara kadhaa ndipo akasema, "Baba watoto, utatoboa sakafu."

"Namba ya mdogo wangu nitaipata kwa nani?"

"Kwa simu yangu."

Alisimama. "Unayo?"

"Mimi na shemeji yangu hatujagombana. Anapiga kila mara. Ananiuliza kama bado unakoroma."

"Na unamwambiaje?"

"Ukweli," mkewe alisema, akamwekea simu kiganjani, na kiganja kikajikunja. "Ongea naye mwenyewe. Kesho mchana, akiwa kazini. Akiwa kazini huwa anapokea vizuri."

Kesho yake saa ya chakula, Gumba alitoka nyuma ya ghala, akasimama kwenye kivuli cha ukuta na simu ya mkewe. Ilipokelewa haraka.

"Haloo, shemeji. Leo umenikumbuka kabla jua halijazama."

"Si shemeji. Ni mimi."

Upande wa pili kukawa kimya, lakini si kimya kitupu. Ndani yake Gumba alisikia mgugumio wa pipa linalozunguka. Alilitambua mara moja lilivyojaa.

"Umetia ngozi gani?" aliuliza, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

"Za kondoo."

"Maji umepima?"

"Nimepima, kaka." Kisha, taratibu, "Kwa nini?"

"Siku ile mimi sikupima. Nilidhani umepima wewe."

Pipa liligugumia.

"Na mimi nilidhani umepima wewe," mdogo alisema.

"Unga ulikufa kabla hatujabonyeza. Kuna msichana hapa amenionyesha. Wewe ulisema bado, na ilikuwa bado. Ingekuwa bado mpaka leo."

"Kwa hiyo kidole changu hakikufa."

"Hakikufa."

"Kaka, umengoja miaka yote hii uje kuniomba radhi kwa jina la unga?"

"Si kwa jina la unga," Gumba alisema. "Unga ni unga tu. Neno nililisema mimi. Naomba kwa jina langu."

Mdogo alisikika akimwambia mtu, "Shika hapa kidogo," kisha sauti ya mlango, kisha pipa likasikika kwa mbali.

"Nimekusikia, kaka," alisema. "Nimekusikia, na yameisha."

Gumba aliegemea ukuta. Alimweleza upesi, kama anayeogopa simu itakatika, kwamba nafasi iko wazi, msimamizi amesema haki ya kwanza ni yake, aproni iko palepale kwenye msumari. "Rudi," alisema.

"Kaka, huku nina pipa langu. Watoto wanasoma huku. Mama yao ana wateja wake. Nikirudi mimi nawarudisha na wao, na wao hawakugombana na mtu. Zamani zile ningerudi. Ungeita tu."

"Najua."

"Nisikilize lakini. Huku hawana sharti la baba. Wanasema kidole kimoja kinatosha. Mimi nabonyeza cha kulia, halafu nabonyeza na cha kushoto. Wananicheka. Wakiniuliza nawaambia hicho cha kushoto ni cha kaka yangu."

Gumba alikitazama kidole chake cha kushoto. Hakuwa amekitazama siku nyingi.

"Na mimi nilikuwa nafanya hivyo," alisema.

"Naam. Shemeji aliniambia. Ila mimi nilisema ni chako. Wewe uliwaambia watu nini?"

"Niliwaambia umetoka kidogo."

Mdogo alicheka kile kicheko chake cha tumboni, ambacho karakana haikuwa imekisikia kwa miaka, kikaingia sikioni mwa kaka yake kikiwa chembamba kwa ajili ya simu. Gumba naye alicheka.

"Nitakuja kuwasalimia," mdogo alisema. "Shule zikifungwa nitakuja. Mwambie shemeji."

"Nitamwambia."

"Kaka, nenda. Ngozi zangu zitapita kiasi."

Ndivyo alivyopata jibu lake. Lilikuwa baridi, si moto. Lakini kilicholala kikiamka hukuta saa imesonga, na hakuna mkemia awezaye kuirudisha. Ndugu hawa wawili walifanya kitendo kimoja kwa mikono ya kushoto, mmoja ili kuficha kwamba mwenzake hayupo, mwingine ili kutangaza kwamba yupo. Kwa macho ya mpita njia ni alama ileile juu ya ngozi. Mwenye kutaka kujipima na ajipime hapo.

Wiki iliyofuata Gumba aliitoa aproni msumarini, akaipeleka nyumbani, akaifua kwa mkono wake. Alirudi nayo imekunjwa akampa Mama Suuza.

"Imenizidi urefu," mama alisema, akaijaribu. "Huyu bwana alikuwa mrefu?"

"Mfupi. Ila alikuwa na tumbo."

"Basi nitakula nilijaze."

Siku ya kwanza walipofungua bomba, Gumba aliloweka kifundo cha mkono, akakiacha mpaka ngozi yake iridhike. Mama Suuza alikuwa amekwisha inua ndoo ya unga.

"Ngoja," Gumba alisema. "Mimi nimepima. Pima na wewe."

"Si umeshapima?"

"Pima, mama."

Akaiweka ndoo chini, akazamisha mkono. "Ni maji ya kumwogesha mtoto," alisema. Ndipo unga ukatiwa, na pipa likaanza kusukutua.

Ngozi zilipoonekana kuwa tayari, Gumba aliitandaza moja juu ya gogo. Mama Suuza alibonyeza kwa kidole chake kifupi, kilichokunjamana kwa maji. "Imeshika." Gumba alibonyeza kando yake. "Imeshika." Alama mbili zikakaa, moja ndogo, moja kubwa. Zikishafika kwenye asidi hufutika zote mbili, na hakuna mvaa kiatu atakayejua nani alibonyeza wapi.

Mkono wa kushoto alikuwa ameutia mfukoni. Alisimama hivyo, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza, wala hakuligusa pipa.

"Tunasubiri nini?" Mama Suuza aliuliza.

Pipa lilikuwa limesimama, na karakana ilikuwa kimya isipokuwa maji yaliyodondoka.

"Hakuna," Gumba alisema. "Fungua maji."